Dramu Isiyolia

Shangazi yangu hakuwahi kumimina chai kwenye kikombe bila kukigonga kwanza. Alikiinua karibu na sikio, akakipiga kwa ukucha wa kidole cha kati, akasikiliza, ndipo akakiweka mezani. Aligonga vikombe vya wageni mbele ya wageni wenyewe, na aliyeshangaa alijibiwa kwamba chai ya moto haina adabu, inaweza kumwagikia mtu mapajani bila kubisha hodi. Aligonga sahani, mitungi, vioo vya madirisha. Aligonga hata glasi ya dawa aliyoletewa kitandani siku za mwisho wa uhai wake, ingawa wakati huo, na kwa muda mrefu kabla ya hapo, hakuwa akisikia chochote. Mkono ulikuwa umezoea.

Ni kazi iliyomzoesha. Shangazi alikuwa fundi wa breki. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana wa bati, mwishoni mwa mtaa wa mafundi. Upande mmoja alipakana na wachomeleaji. Upande wa pili kulikuwa na jirani mwenye mashine ya kukereza vyuma, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkereza. Karakana ilianzishwa na mume wake. Mume alikuwa na tabia ya kupuliza vumbi la breki kwa mdomo, kama mtu anayepoza uji, na lile vumbi lilimkaa kifuani mpaka likamwondoa. Shangazi alipobaki peke yake aliweka ndoo ya maji kando ya benchi, akawa anaosha kila kitu kabla hajakishika. Zaidi ya hapo hakubadilisha lolote. Koti la marehemu liliendelea kuning'inia kwenye msumari wake.

Kwa wasiojua magari ya zamani, breki zake hazionekani kwa nje. Ndani ya gurudumu kuna dramu, chuma kizito cha duara kama sufuria iliyofunikwa kifudifudi. Ndani ya dramu zimekaa shuu mbili, vyuma vilivyopinda kama mwezi mchanga, kila kimoja kimevishwa laini, ngozi ngumu nyeusi ya kusugua. Ukikanyaga, shuu hutanuka na kuishika dramu kutoka ndani. Laini ndiyo inayolika, na kazi ya shangazi ilikuwa kubandua iliyolika na kuvisha mpya kwa ribiti, vijisumari vya shaba. Aligonga ribiti kuanzia katikati kwenda kwenye ncha. "Ukianzia kwenye ncha," alikuwa akisema, "katikati inavimba kama kitambi cha diwani."

Laini hubadilishwa, springi hubadilishwa, na raba za silinda inayosukuma shuu pia. Dramu ndiyo yenye maneno. Inaweza kuwa na ufa mwembamba kuliko unywele, ikakubeba mwaka mzima kwa heshima zote, halafu siku moja mteremkoni ikaachana vipande vipande. Kwa hiyo kila dramu iliyoingia pale ilining'inizwa kwa waya kwenye boriti na kugongwa kwa nyundo ndogo. Iliyo nzima hulia kama kengele, sauti ndefu inayosita kuondoka chumbani. Yenye ufa husema tup, basi.

Wenye magari walimbembeleza.

"Mama, hebu igonge tena."

"Nimeshasikia."

"Labda waya umekaa vibaya."

"Waya haujapasuka. Peleka nyumbani ukapandie maua."

Hawakumpenda siku hiyo, lakini walirudi, na walileta ndugu zao.

Kisha magari yakabadilika. Mengi yalikuja na breki za sahani, na kwa yale machache yaliyobaki na dramu, shuu zikawa zinauzwa zimeshavishwa, ndani ya maboksi, kwa bei ambayo mtu hawezi kushindana nayo hata akila ribiti zake mwenyewe. Benchi la shangazi likawa na nafasi. Akawa anapata riziki yake kwa gari.

Gari lenyewe lilikuwa refu, la rangi ya maziwa, lenye mapezi ya chuma juu ya taa za nyuma na usukani mwembamba mkubwa kama wa basi. Mume wake alilipata likiwa mfu, akalifufua polepole kwa miaka. Sasa lilibeba maharusi. Shangazi aliliendesha mwenyewe, amevaa koti la marehemu la bluu ya giza na glavu nyeupe, akiwa ameketi wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Maharusi walimpenda. Aliwaambia kabla ya kuwasha: "Bibi harusi, kulia ruhusa, ila ulilie upande wa bwana. Kiti hiki ni kikuukuu kuliko mimi."

Mwanawe wa pekee, binamu yangu, aliishi mji mwingine, na nyumbani kwake palikuwa na chumba cha nyuma alichokijenga kwa ajili yake. Hakuchoka kumwita.

"Nikafanye nini huko?" shangazi alinijibu nilipomletea salamu zake. "Nikahesabu vigae?"

"Ukapumzike."

"Nani amekwambia nimechoka?"

Hakuwa na ugomvi na mwanawe wala mkewe. Alichokataa ni kuwa mtu wa kuhudumiwa. Muda wote gari lile liliposimama vizuri, yeye alikuwa na nyumba yake, ufunguo wake, na Jumamosi zake. Likishindwa, hakukuwa na kingine tena isipokuwa kile chumba cha nyuma. Alilijua hilo, nami nililijua, na tulikuwa tukilizunguka katika mazungumzo kama watu wanavyozunguka shimo la njiani walilolizoea.

Kwamba hasikii vizuri tulijua sote. Nyundo na ribiti za miaka mingi zilikuwa zimefanya yao. Mwenyewe alilaumu ulimwengu. "Watu wa siku hizi wanaongea kama wana viazi mdomoni," alisema, na ukirudia kwa sauti kubwa alikuuliza nani kafa, mbona unapiga kelele. Tulicheka. Tulizoea kusimama mbele yake ili aone midomo yetu. Ajabu ni kwamba katika watu wote tuliomzunguka, hakuna aliyewahi kufikiria juu ya dramu.

Wiki moja kabla hajafunga karakana, gari lilianza kuvuta kushoto kila alipokanyaga breki. Jumamosi kulikuwa na harusi. Alinipigia simu, akasema aliyokuwa nayo, akakata bila kungoja jibu, kama alivyozoea. Nilikwenda Alhamisi kwa sababu kutoa hewa kwenye mabomba ya breki kunahitaji watu wawili, mmoja chini na mmoja kwenye pedeli, na kwa miaka kadhaa pedeli ilikuwa yangu.

Nilimkuta ameshaweka mawe nyuma ya matairi na jeki chini ya chesisi. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limelala kando. Alilegeza nati ya kurekebishia shuu, akaizungukia dramu kwa nyundo ya mbao, tap tap, bila haraka, mpaka ikaachia. Akaitazama ndani, akaguna.

"Angalia hii. Laini imekwisha, ribiti zimekula chuma."

Ndani ya dramu kulikuwa na mifereji, kama sahani ya santuri. Moja ya springi ilikuwa imelegea, na silinda ilikuwa ikitokwa na machozi ya mafuta. Hakushtuka. Kwake hayo yote yalikuwa na dawa. Alifungua springi kwa koleo, akatoa shuu zote mbili, akabandua laini kuukuu, akavisha mpya. Nilikaa kwenye kigoda nikimtazama anavyogonga ribiti kutoka katikati, midomo ameibana, na nikawaza kwamba sijawahi kumwona mtu mwingine aliyetulia namna ile akiwa na nyundo mkononi. Alibadilisha raba za silinda. Aliosha dramu kwenye ndoo, akaikausha kwa kitambaa, akaining'iniza kwenye boriti karibu na dirisha. Akaigonga.

Tup.

"Safi," akasema, na kunyoosha mkono kuishusha.

Nilidhani anatania. Nilingoja acheke. Alikuwa ameshaanza kufungua waya.

Nikaenda kusimama mbele yake. "Shangazi. Haikulia."

"Nini?"

"Dramu. Haikulia."

Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba ameingia nyumba isiyo yake. Akaigonga tena, kwa nguvu zaidi, akiwa amekitazama kile chuma.

"Hiyo si inalia?"

"Hapana."

"Wewe sikio lako ni la darasani. Huwezi kujua." Akageukia ukuta wa upande wa pili, akaupiga kwa kiganja. "Mkereza! Ewe Mkereza! Njoo umsaidie mtoto huyu."

Mkereza alikuja akifuta mikono, akaniamkia kwa utani, akaniuliza kama nimekuja kuiba kazi. Shangazi alimpa nyundo. Aliigonga dramu mara moja tu. Halafu akainamisha kichwa na kuitazama sakafu, na utani wote ukamtoka usoni.

"Sema," shangazi akamwambia.

Mkereza alikwenda kwake, akarudi na mafuta ya taa na kipande cha chaki. Alipaka mafuta ya taa juu ya dramu, akasubiri yaingie, akaipangusa mpaka ikakauka kabisa, kisha akasugua chaki juu yake mpaka chuma kikawa cheupe. Tulisimama watatu tukiangalia. Polepole, kutoka kwenye tundu moja la nati, mstari mwembamba wa unyevu, mafuta yaliyoingia ufani, ukajichora katikati ya weupe, ukaenda, ukapinda, ukafika ukingoni.

Shangazi aliufuata mstari ule kwa kidole bila kuugusa.

"Hii niliigonga mwenyewe," akasema. "Kabla ya harusi ya wale mapacha. Niliigonga hapa hapa nikaisikia. Nawaapia, niliisikia."

Nadhani kweli aliisikia. Alikuwa amezisikia nyingi mno maishani, na nyundo ilipotua, sauti ilikuja yenyewe kutoka mahali ilipokuwa imehifadhiwa, nzuri na ndefu, bila kujali chuma kinasema nini.

Mkereza ndiye aliyejaribu kuokoa hali. "Mama, mbona hili si la msiba? Mimi nina dramu ya gari hili hili. Niliitoa kwenye lile lililobanwa na lori, nikasema ipo siku utaihitaji. Nikiipitisha kwenye mashine kidogo, kesho gari liko barabarani."

"Unayo?"

"Ninayo. Isitoshe ni nene kuliko yako."

Uso wa shangazi ulifunguka, na wangu pia. Mkereza akaileta akiikumbatia kama mtoto, akaining'iniza kwenye boriti upande wa mlangoni. Alipoigonga, chumba kizima kilijaa. Ililia mpaka mabati ya mlango yakaanza kutetemeka kidogo. Nilijikuta natabasamu. Nikamgeukia shangazi ili tutabasamu wote.

Alikuwa akinitazama mimi, si dramu. Alikuwa ameona uso wangu. Ndipo, nafikiri, alipoelewa jambo lote.

"Ngoja," akasema. "Ziacheni zote mbili hapo. Ya dirishani na ya mlangoni. Mimi nitageuka. Mkereza, gonga moja, nikwambie ni ipi."

"Mama, ya nini hayo?"

"Gonga."

Aligeuka, akautazama ukuta wenye spana. Mkereza aligonga iliyo nzima. Ililia.

"Ya dirishani," shangazi akasema.

Mkereza aliniangalia. Akagonga tena ile ile.

"Ya mlangoni. Sivyo?"

"Ndivyo," Mkereza akajibu, lakini aliyejibiwa alikuwa amempa mgongo na hakusikia. Mkereza akaenda kwenye dramu ya dirishani, ile yenye ufa, akaigonga. Shangazi hakusema kitu. Akaigonga tena. Tulisubiri. Shangazi alikuwa amesimama kimya, mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo upande mmoja, kama alivyosimama maisha yake yote mbele ya vyuma vya watu.

"Gonga basi," akasema. "Unasubiri nini?"

Mkereza alizunguka akasimama mbele yake ili amwone mdomo.

"Nimeshagonga, mama."

Shangazi alikaa juu ya tairi lililokuwa limelala sakafuni. Hakulia. Aliomba maji, nikampa, akayashika bila kuyanywa.

"Nitakusikilizia mimi," Mkereza akamwambia, akichuchumaa. "Ukuta ni huu mmoja. Unaupiga, nakuja, nagonga, nakwambia. Tatizo liko wapi?"

"Na siku umesafiri?"

"Unanisubiri."

"Na honi je? Na king'ora? Na bibi harusi akiniambia mama simama, natapika?" Alitikisa kichwa. "Nimewaendesha watoto wa watu juu ya chuma kilichopasuka, Mkereza. Kwenye ule mteremko wa hospitali. Na shela zao. Nilikuwa nawatania."

"Hakuna aliyeumia."

"Wewe unasema hivyo ili nilale."

Mkereza alichukua ile dramu nzima akaenda nayo kwenye mashine yake, na muda mfupi baadaye tukasikia ikikerezwa. Niseme nikasikia.

Kazi shangazi aliimaliza. Hilo nataka lijulikane. Ijumaa alifunga springi, akapandisha dramu, akairekebisha nati mpaka shuu zikawa zinaigusa dramu kidogo tu, kama nguo inavyogusa mguu. Kisha akaingia chini ya gari na mpira wake wa kutolea hewa na chupa ya mafuta ya breki, mimi nikapanda kwenye usukani.

"Kanyaga!"

Nikakanyaga. "Nimekanyaga!"

"Shikilia!"

"Nimeshikilia!"

"Achia!"

Miaka yote ile nilikuwa nikiamini kwamba tunazungumza. Kumbe alikuwa akitazama mapovu kwenye mpira, akihesabu kwa macho, na sauti yangu ilikuwa ikipotelea juu ya boneti. Niliendelea kujibu hivyo hivyo. Mapovu yalipokwisha, pedeli ikawa ngumu chini ya mguu wangu, imara, nzuri. Nililijaribu gari uwanjani nyuma ya karakana. Lilisimama palepale nilipotaka, halikuvuta kushoto wala popote. Lilikuwa zima kuliko lilivyokuwa kwa muda mrefu.

Shangazi alinawa mikono kwenye ndoo. Akashusha koti la marehemu kutoka kwenye msumari, akalikung'uta, akampa Mkereza pamoja na funguo.

"Mabega yatakubana," akamwambia. "Usiende kwa mwendo wa kishujaa. Na ukifika kwa bibi harusi, shuka umfungulie mlango. Usikae humo kama mzigo."

"Nitalirudisha Jumapili, mama."

"Kaa nalo."

"Mama..."

"Kaa nalo, nimesema. Gari likikaa bila kazi linaoza."

Halafu akaniambia nimpigie mwanawe. Nilipiga, nikampa simu kwa mazoea, akanirudishia. "Zungumza wewe. Mwambie aje na gari la mizigo. Vitu si vingi." Nilimwambia. Upande wa pili binamu yangu alifurahi sana, akashukuru, akasema chumba kiko tayari, kimepakwa rangi. Shangazi aliuangalia mdomo wangu nilipokuwa nikisikiliza, na kabla sijamweleza alisema, "Amefurahi. Vizuri."

Zana zake alizigawa mtaani. Mtu mmoja alichukua benchi, mwingine akachukua jeki. Nyundo ndogo sijui ilikwenda wapi. Chumba kilikodiwa na kijana anayeuza vifuniko vya simu, na siku niliyopita pale alikuwa amebandika karatasi za rangi juu ya boriti.

Nilimtembelea kwa mwanawe mara moja tu, kabla ya homa iliyomlaza na asiinuke. Nyumba ilikuwa nzuri, kweli nzuri, na mke wa binamu yangu ni mtu mwema. Ningependa niwe na mtu wa kumlaumu lakini sina. Walimnunulia kifaa cha sikio, akakivaa, akasema kinampigia kelele za kukaanga, akakivua. Walimwekea kiti kizuri chenye mito kando ya mlango wa uani, mahali penye jua la asubuhi. Alipotaka kufua, nguo zilishafuliwa. Alipoingia jikoni, alitolewa kwa upole akishikwa kiwiko. Chai ilimfuata alipokuwa. Nilipokaa naye asubuhi ile, aliinuka kufunga dirisha lililokuwa likigonga kwa upepo. Hakulisikia, aliliona tu. Mkwewe akamwahi, akalifunga, akamrudisha kwenye kiti na kumnyooshea shuka magotini.

Mikono yake ilikuwa misafi. Kucha, zilizokuwa nyeusi tangu nilipoanza kumjua, zilikuwa za waridi kama za mtoto. Aliona ninavyoziangalia, akazificha chini ya shuka.

Nilimweleza habari za mtaa. Nilimwambia Mkereza anawabeba maharusi na koti kweli linambana. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za nchi aliyowahi kupita kwa treni. Nilimuuliza anapataje usingizi, akasema anapata. Nilimuuliza kama kuna kitu anataka nimletee. Alifikiri, akafikiri sana, na nikaona kwamba hakipo.

Basi langu lilikuwa linaondoka mchana. Nilipiga magoti mbele ya kiti ili anione vizuri, nikamwambia, "Shangazi, mimi nakwenda. Usisimame, kaa tu."

Akanishika mkono.

"Hata wewe," akasema. "Kila nikiinuka hapa naambiwa, mama, kaa. Haya, nimekaa. Sasa?"